Mhehe wa Riverdale Park

Mji huu una adabu kupita kiasi, na adabu hiyo ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Tangu nihamie Washington, au niseme kweli, tangu nihamie Wheaton, maana Washington ni ofisini tu na Wheaton ndiko ninakolala, hakuna mtu aliyekuwa amenitukana hata mara moja. Kazini nikikosea wananiambia nimefanya vizuri sana, ila labda tutazame upya ukurasa wa pili. Jirani akinikuta kwenye lifti anavisifia viatu vyangu. Binti wa dukani ananitakia siku njema na hajui hata ninaitwa nani. Mwanzoni nilidhani ni upendo, nikawa nashukuru kila mtu kwa meno yote. Baadaye nikaona kwamba unaweza kutakiwa siku njema kutwa nzima na jioni ukarudi nyumbani hujaguswa na mtu.

Mimi ni Mngoni. Naitwa Domina Ngonyani, kwetu ni Peramiho, jirani na Songea, na kazi yangu ni takwimu za afya. Nilikuja kwa mkataba na shirika moja la kimataifa, mkataba ukaisha, kampuni ya utafiti ikanichukua, nami nikabaki. Kazi ninaiweza. Baridi nayo nilijifunza, unavaa tu nguo zote ulizonazo. Kilichonishinda ni kuishi bila mtani.

Anayejua utani wa makabila anajua, na asiyejua nitamwambia. Mababu zetu walipigana na Wahehe wakauana hadi wakachoka, na walipopatana, mapatano yenyewe yakawa matusi. Mhehe akikutana na Mngoni ana haki ya kumwambia lolote, kumvua kofia, hata kumlia chakula chake mezani, na Mngoni haruhusiwi kununa. Ajibu tu, tena ajibu vizuri. Sisi tunawaambia Wahehe wanakula mbwa. Wao wanasema sisi tunakula panya, na kwamba paka wa Songea wamekonda kwa sababu yetu. Pale Dar nilikuwa na Mhehe wangu ofisini, mhasibu mnene, kila asubuhi ananipokea kwa kuniuliza kama kwetu panya wameisha ndiyo maana nimekimbilia mjini. Nilikuwa nikijifanya ananichosha. Laiti ningejua.

Lakini kazi kubwa ya mtani iko msibani. Watu wamekaa kwenye mikeka, wamevimba macho, hawajui waanzie wapi, mara mtani anaingia. Anavaa kofia ya marehemu. Anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anamsema uchoyo wake na madeni yake, halafu anajilaza mlangoni na kutangaza kwamba maiti haitoki hapa mpaka wamlipe. Watu wanacheka mpaka kicheko kinageuka kilio, na hapo ndipo msiba unaanza kupoa. Kwetu mtu ambaye watani hawakumcheka, tunaona kama hajazikwa sawasawa.

Ndiyo maana nilipolisikia jina la Kikoti moyo uliniruka.

Ilikuwa baada ya Misa ya Kiswahili, kanisa fulani huko Maryland, tukiwa ukumbini tunakunywa chai. Mtu akaita, "Kaka Kikoti, sogeza meza!" na mwanamume mrefu mwenye mvi za pembeni akageuka. Kikoti ni Mhehe, hakuna cha kuuliza. Nikaacha chai yangu, nikamwendea mbio mbio.

"Mhehe! Nani kakufungulia?"

Akanitazama, akatazama kulia na kushoto, akatabasamu kwa heshima. "Karibu sana, dada. Wewe ni mgeni? Mimi ni Clement. Uko area gani?"

"Niko Wheaton. Nimetumwa kuwakamata, mlitoroka vitani na hamkuaga."

"Wheaton ni pazuri," akasema. "Uko karibu na Metro, huhitaji gari."

Jamani! Nilimchokoza waziwazi akanijibu habari za treni. Nikajua huyu ameshaingiwa na adabu ya hapa, lakini sikukata tamaa, kwani mtani ni mtani hata akilala. Tulizungumza. Alikuwa amekaa Marekani zaidi ya miaka ishirini, anafanya kazi ofisi za kaunti kule Upper Marlboro, na mkewe, Chelagat, ni Mkenya kutoka Eldoret. Chelagat mwenyewe akaja, akanikumbatia, akasema, "Si ukuje kwetu Sunday ijayo ukule? Mtu mgeni hawezi kaa pekee yake hivyo." Nikasema nitakuja.

Wiki nzima nilikuwa naandaa matusi. Nikiwa kwenye mkutano wa kazi, mkuu wangu anaeleza jedwali, mimi nacheka peke yangu kwa jambo nitakalomwambia Clement. Nilinunua keki, nikavaa kitenge changu kizuri, nikapanda basi hadi Riverdale Park. Nyumba yao ni ndogo, ya matofali, karibu na reli. Nikagonga mlango, na aliyenifungulia alikuwa binti wao, Anitha, wa miaka kumi na saba hivi. Mikononi amembeba mbwa mwenye manyoya ya rangi ya maziwa ya kuungua.

"Hi, Auntie. Come in. Don't mind Chapati."

"Nani Chapati?"

"The dog."

Clement alikuwa amesimama nyuma ya binti yake. Niambie mwenyewe, ungekuwa wewe ungenyamaza? Mhehe, nyumbani kwake, ana mbwa, na mbwa amepewa jina la chakula!

"Kikoti!" nikasema, sauti ikafika jikoni. "Huyu ni wa kufuga au wa Krismasi? Naona hata jina mmeshampa la mezani. Mwaka jana mlimla nani, Sambusa?"

Na Clement alicheka. Naapa alicheka, kicheko cha tumboni, akainama akashika magoti, na nikamwona anafungua mdomo kunijibu. Nilikuwa nimeisubiri sekunde ile tangu nitue uwanja wa ndege.

Lakini Anitha alikuwa amemkumbatia mbwa kifuani, na macho yamemjaa machozi ya hasira.

"That's not funny," akasema. "Do you know how many times I've heard that at school? Africans eat dogs. Since third grade. And you come to our house and say it to my dad?"

Kumbe Kiswahili anakisikia chote. Nilijaribu kumweleza, nikasema mama, huu ni utani, baba yako na mimi ni watani, lakini neno hilo kwa Kiingereza linageuka mzaha tu, na mzaha ndio huo huo aliofanyiwa shuleni. Nikamtazama Clement anisaidie. Kicheko kilikuwa kimemkauka usoni. Akamwekea bintiye mkono begani, akaniambia taratibu, "Dada Domina, huku mambo hayo tulishayaacha."

Chelagat akatoka jikoni na mwiko. "Anitha, hiyo si njia ya kuongelesha mgeni. Na nyinyi watu wa Tanzania nanyi, maneno yenu! Kujeni mkule, chakula inapoa." Tukala. Ugali mzuri, sukuma, nyama. Clement akaniuliza kuhusu bima ya afya ya kampuni yangu. Nikamjibu kuhusu bima ya afya ya kampuni yangu. Niliporudi Wheaton nilijilaza kitandani na kitenge changu, nikaona uchungu ambao sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu ningemwambia nani? Kwamba nimesafiri bahari nzima, nikampata Mhehe, na Mhehe hataki kunitukana?

Baada ya hapo tukawa tunasalimiana kanisani. "Habari dada." "Nzuri kaka." Mtu na mtani wake!

Oktoba, siku ya Jumanne, mdogo wangu Laurean alinipigia simu nikiwa dukani Wheaton nachagua nyanya. Alisema, "Dada, baba ametuacha," nami nikaendelea kuchagua nyanya. Nilichagua nzuri nzuri, nikalipia, nikatoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa maegesho. Binti wa dukani alikuwa amenitakia siku njema.

Nilimpigia mwanasheria anayeshughulikia vibali vyangu, kwa sababu karatasi za kuhamia kampuni mpya zilikuwa bado hazijatoka. Akanieleza kwa upole, tena na tena, kwamba nikitoka nje ya nchi sasa, ombi langu linakufa, na huenda nisirudi. Nikamwambia ni baba yangu. Akasema anaelewa, na anasikitika sana. Laurean nilipompigia alinikatisha: "Usije, dada. Baba mwenyewe angekufukuza. Alikuwa anamwambia kila mtu una ofisi Amerika." Kwa hiyo sikwenda. Nililikubali hilo kwa kichwa. Mwili wangu haukukubali, ulikuwa unaamka alfajiri na kusimama mlangoni.

Na sikulia. Hilo ndilo lililonitisha. Jumatano sikulia, Alhamisi sikulia. Kazini walinitumia maua na kadi waliyoitia saini wote. Mahfudha, jirani yangu Mzanzibari wa ghorofa ya chini, alikuja na biriani na ubani, akanishika mikono akasema, "Pole, shoga yangu. Mungu akupe subira." Nikamwambia asante, nikamsifia biriani lake. Nilikuwa nimeshakuwa mtu wa hapa.

Laurean alikuwa ananisimulia kwa simu mambo ya huko. Wahehe walio Songea wameshafika, alisema. Mama mmoja Mhehe anayeuza vitenge sokoni amevaa raba za baba, anatembea uani kwa kukokota mguu wa kulia na kupandisha suruali kila hatua mbili, na mtu akimsalimia anakohoa kwanza kabla ya kuitika, barabara kama baba. Mama alicheka, Laurean akasema. Mama, ambaye alikuwa hajanywa hata uji, alicheka mpaka akashikwa, kisha akalia, kisha akaomba uji. "Ungekuwepo, dada," akasema. Nikakata simu nikisingizia mtandao. Sikuwa na wivu na maiti, wala na mazishi. Nilimwonea wivu mama yangu kile kicheko.

Mazishi yalipangwa Jumamosi saa tisa alasiri, ambayo kwetu huku ni asubuhi kabisa. Nikawaambia wachache wa kanisani kwamba Laurean atapiga simu ya video tuangalie pamoja. Wakaja watu kama kumi na tano na chupa za chai, maandazi na mikate ya ndizi, wakavua viatu mlangoni, wakanipa pole mmoja mmoja kwa sauti za chini. Mahfudha alikuwa ameshatandika mkeka. Nikaunganisha simu na televisheni. Pembeni ya televisheni niliweka picha ya baba na mshumaa. Alipigwa picha hiyo siku ya jubilei ya parokia, amevaa koti la kijivu ambalo hakuwahi kulivua hata jua likipasua mawe, mikono ya koti imefika kwenye kucha. Laurean alisema wamemvisha hilo hilo ndani ya sanduku, kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Clement alifika akiwa wa mwisho, na Chelagat, na Anitha. Sikutegemea Anitha aje. Aliniamkia, "Shikamoo, Auntie," bila kuniangalia usoni, akaenda kukaa chini karibu na dirisha. Clement akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, dada Domina. Mungu ampumzishe mzee mahali pema."

Hapo ndipo nikashikwa na hasira. Nilitamani kumtupia kikombe. Huyu mtu mmoja, kati ya watu wote waliokuwa wamejaa Maryland na Virginia, ndiye aliyekuwa hana ruhusa ya kuniambia pole!

"Clement," nikasema, "umekuja hapa kama nani?"

Kwenye televisheni padri alikuwa anasoma, turubai linapepea, na simu ya Laurean inatikisika.

"Kama ndugu," akasema.

"Ndugu ninao. Nyumba imejaa ndugu. Wote wameniambia pole na wote nimewaambia asante. Baba yangu anazikwa sasa hivi na mimi nimekaa kama niko benki nasubiri zamu. Nilikuwa na Mhehe mmoja tu katika mji huu."

Clement hakukasirika. Alikaa chini polepole kwenye mkono wa kochi, akatazama viganja vyake.

"Sina maneno, Domina," akasema. "Siyo kwamba sitaki. Ile siku pale nyumbani ulinitoa kicheko ambacho sijawahi kucheka tangu nije. Nikafungua mdomo, nikakuta mtupu. Usinione nimekaa kimya ukadhani ni Anitha alinizuia. Nilitafuta la kukujibu, sikulipata." Akamtazama Anitha. "Baba yangu alipofariki, Iringa, hatukuwa na hela ya tiketi, na mtoto alikuwa mdogo. Nilikwenda kazini. Hakuna Mngoni aliyenijia. Niliwasubiri, ujue? Sikuwa namjua hata Mngoni mmoja hapa, lakini niliwasubiri. Nilikuwa nikikaa kwenye gari pale nje ya nyumba nasikiliza kama kuna mtu anakuja kunitukana. Baada ya hapo nikaona kama kitu kimeziba, sikukigusa tena."

Chelagat alikuwa amemgeukia mumewe. Nadhani naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

"I remember the car," Anitha akasema kule dirishani. "Ulikuwa unakaa tu. I thought you were mad at us."

"Hapana, mama. Sikuwakasirikia."

Nilitaka kumwambia kitu Clement, kumwomba radhi kwa niaba ya Wangoni wote, lakini Laurean akasema kwenye simu, "Dada, wanashusha," na wote tukageukia televisheni. Wanaume sita walikuwa wameshika kamba. Sanduku lilikuwa juu ya shimo, udongo mwekundu umerundikwa pande zote mbili, na wale akina mama wa Peramiho wakaanza wimbo. Nilitazama. Macho yangu yalikuwa makavu kiasi kwamba yaliniuma.

"Dad," Anitha akanong'ona, lakini sote tulisikia. "Am I one too?"

"One what?"

"That thing. What she needs."

Clement akamgeukia bintiye. "Wewe ni Mhehe kwa baba, hata maiti unaweza kuizuia mpaka walipe. Hilo haliwezi kubadilika."

"Na Mkalenjin kwa mama," akasema Chelagat, akijifuta macho. "Usisahau."

Anitha akasimama. Alikuwa amevaa soksi, suruali ya jinzi na sweta la shule. Akaja mpaka mbele ya televisheni, akatazama ile picha ya baba yangu, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka kwenye maji.

"Ngoja!" akasema, kwa Kiswahili. Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili zaidi ya maneno mawili matatu. Sauti yake ilikuwa na Kiingereza ndani lakini ilikuwa kubwa. "Ngojeni! Msizike!"

Kule Peramiho waliosimama karibu na simu ya Laurean wakaisikia, wakawanyamazisha wengine, wimbo ukakatika. Wale wanaume wakasimama na kamba zao. Padri akainua kichwa.

"Nani huyo?" Laurean akauliza.

"Hiyo koti," Anitha akasema, akaonyesha picha kwa kidole. "Hiyo koti ya huyu mzee. Ni yetu. Ni ya Wahehe. Angalia mikono, ni mrefu, haimtoshi. Aliiba. Msizike mpaka mrudishe."

Mahfudha alikuwa ameshika mdomo. Binti wa watu aligeuka kunitazama, uso umeiva, na nikaona anavyoogopa kwamba amekosea, kwamba amefanya kitu kibaya kisichoweza kurudishwa.

Halafu kutoka Peramiho ikapasuka. Kwanza shangazi yangu, kigelegele kile chake kinachotoboa mabati, kisha kicheko, uwanja mzima, wanaume wa kamba wanacheka na sanduku linayumba, padri amegeuka pembeni anajifanya anatafuta miwani. Mama yangu nilimwona kwa mbali, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anajipiga paja. Na uso wa baba mdogo wangu ukajaa televisheni yote, pua kwanza, maana hajui kushika simu.

"We Mhehe! Uko wapi wewe?"

"Maryland," akasema Anitha.

"Hata huko mmefika? Mlikuwa mnakimbia nini, Wangoni au njaa?"

Anitha akamtazama baba yake. Na Clement, aliyekuwa bado amekaa kwenye mkono wa kochi, akainuka, akasogea, na sauti iliyomtoka sikuijua, ilikuwa ya Iringa kabisa, nene, yenye kicheko na machozi mle mle.

"Hatukukimbia! Tulitangulia, tukawasubiri, nyie ndio mnachelewa kila mahali! Hata huyu mzee wenu amechelewa kufa, koti letu amelivaa mpaka limechakaa! Sasa mnalifukia ili panya wenu wapate matandiko?"

Kule wakapiga kelele. Shangazi alikuwa ameshika kiuno. Chumbani kwangu Wheaton watu kumi na tano wa heshima zao walikuwa wameegemeana wanacheka, Wakenya, Wazanzibari, na Mkongo mmoja ambaye alikuwa anauliza "Ni nini, ni nini?" huku naye anacheka. Na mimi nilicheka. Kilinitoka tumboni, kikaumiza mbavu, nikashika ukingo wa meza.

"Haya, mtani," baba mdogo akasema. "Koti liko ndani ya sanduku na misumari imeshapigwa. Mbuzi hatuna. Mnataka nini, mtupe njia tumzike kaka yangu?"

Anitha akanigeukia. Hakujua cha kudai, wala mimi sikujua. Clement naye alikuwa anapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Basi nitasema mimi," akasema baba mdogo. "Domina yuko hapo?"

"Yuko," akasema Anitha.

"Mchukueni. Ndiye malipo. Hatuna kitu kingine cha thamani, na huyo tumeshindwa kumfikia. Mlisheni. Akiumwa, mumpeleke hospitali. Akijiona ameelimika sana, mumtukane. Na siku yake ikifika..." Alikuwa anacheka alipoanza, na sasa hakuwa anacheka. "Siku yake ikifika, sisi tukiwa mbali, ninyi ndio mlale mlangoni. Mmesikia? Tumewapa. Tuzike?"

Uwanja wote wa Peramiho ulikuwa unanitazama kupitia kile kioo kidogo mkononi mwa Laurean. Mama alikuwa ameinuka kwenye kiti. Anitha hakumtazama baba yake safari hii. Alinitazama mimi, nikamwitikia kwa kichwa.

"Sawa," akasema. "Zikeni."

Wakalegeza kamba. Baba akashuka na koti lake. Udongo wa kwanza uliposikika kwenye mbao nilipiga yowe, lile la kwetu lenyewe, nikaanguka kwenye mkeka wa Mahfudha, nikamlilia baba yangu kwa jina lake. Anitha alikuja akakaa chini kando yangu na soksi zake, akanishika mkono, akaung'ang'ania, na hakuniambia pole.